Mume wangu mgonjwa alikataa tuvuke laga kwenda hospitali Lodwar. Nilimzika nikiwa nimemkasirikia

Wakuu, ejok nyote.

Huku Turkana ukisalimiwa hivyo unajibu "ejok noi", yaani mzuri sana, hata kama moyoni kunawaka moto. Mimi nimejibu hivyo mwaka huu wote na haijawahi kuwa kweli. Leo naandika ya kweli. Sitaongeza chumvi, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni mama wa hoteli, Kakuma mjini, si ndani ya kambi. Chapati, maharagwe, mbuzi wa kukaanga, chai. Kwetu ni Bungoma. Mdomo wangu ni mkali na wateja wangu wanajua, kwa hiyo msishangae mkifika mahali ambapo nitafoka.

Mume wangu aliitwa Simiyu. Mimi nilimwita Baba Sharon, kwa jina la kifungua mimba wetu. Alikuwa dereva wa lori la chakula cha msaada. Kitale, Lodwar, Kakuma, Lokichoggio, mara nyingine mpaka Nadapal kwenye mpaka wa South Sudan. Aliijua hii barabara kuliko alivyojua nyumba yake. Nyumbani alikuwa hajui hata sukari inakaa wapi.

Sasa kabla sijaendelea, wale wa Nairobi na Dar niwaeleze laga ni nini.

Laga ni mto wa mchanga. Karibu mwaka mzima ni mkavu, mbuzi wanapita humo na akina mama wanachimba maji ya kunywa humo. Barabara nayo inapita katikati yake, daraja hakuna. Halafu mvua inanyesha mbali sana, huko milimani upande wa Uganda. Wewe uko kwenye jua kali, hujaona hata wingu, unashtukia maji mekundu yanashuka na magogo na mbuzi waliokufa. Inaweza kuisha baada ya saa chache. Inaweza kukaa mpaka kesho.

Baba Sharon alikuwa na kanuni yake. Akikuta laga imejaa, anazima lori, anashuka, anachukua jiwe na kuliweka pale pale maji yanapoishia. Maji yakilifunika, laga bado inapanda. Yakirudi nyuma na kuliacha, inashuka. Na hata hapo haingii mpaka jiwe likauke kabisa.

Wenzake walimcheka, wakamwita Dereva wa Jiwe. Yeye hakujali. Zamani aliwahi kuona pikapu imejaa watu ikibingirishwa na maji, na hakupenda kuizungumzia.

Haya. Ugonjwa.

2012 alianza kukohoa. Huku ukikohoa wiki mbili, jirani yako anajua tayari ni TB kabla hata hujapimwa. Makohozi yalipimwa, TB haikuonekana. Lakini alikuwa anakonda, anatoka jasho, na TB huku ni ugonjwa wa kila boma, basi akaanzishiwa dawa. Simlaumu mtu. Hata mimi ningekuwa na koti jeupe ningempa dawa hizo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyejitenga. Alijinunulia kikombe chake cha bati na kukitia alama ya msumari, akahamisha godoro lake nje chini ya chandarua. Watoto wakimkaribia anawafukuza kwa kofia. Nikimwambia daktari amesema baada ya muda wa dawa haambukizi, ananijibu, "Mama Sharon, wewe pika chapati."

Dawa alimeza zote. Kikohozi hakikusikia. Siku alipokohoa damu kwenye taulo nyeupe ya hoteli nilifunga biashara, tukaenda Lodwar kupiga x-ray. Lodwar wakatutuma Eldoret. Eldoret wakaingiza sindano ndefu kifuani, wakachukua kinyama, tukasubiri majibu.

Saratani ya mapafu.

Mnajua alisema nini alipoambiwa? Alisema, "Kwa hiyo si TB?" Nikasema si TB. Akasema, "Basi nitalala ndani." Usiku ule alilala karibu nami, kwa dada yangu pale Eldoret, akafurahi kama mtu aliyeachiliwa kutoka jela. Mimi nilikuwa nauma mto ili dada yangu asisikie nikilia.

Chemo ya kwanza alitapika tu, akapoteza nywele, akacheka. Ya pili, mwaka huu wa 2013, ndiyo naileta hapa.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini hatukubaki Eldoret baada ya chemo. Swali zuri, nami nimejiuliza sana. Baridi ya Eldoret ilikuwa inamkaba kifua. Alisema akipata joto la Kakuma anapumua. Na kweli, tulipofika alipumua. Kwa siku chache aliketi nje ya hoteli akitania madereva wenzake, nami nikaanza kuamini.

Daktari wa Eldoret alikuwa ametupa onyo moja tu, akalirudia mpaka nikamwona ananidharau. Chemo inapunguza askari wa damu. Mwili ukipata moto usingoje kesho, nenda hospitali saa hiyo hiyo, waambie huyu yuko kwenye chemo.

Wakuu, sasa niambieni. Kakuma mwili wa nani si moto? Ukimgusa mtoto ni moto, ukigusa sufuria ni moto, kiti ni moto. Nilikuwa namgusa paji la uso kila mara na kila mara mkono wangu ulinidanganya.

Aliyegundua ni jirani yangu Mama Achol, mama wa South Sudan anayeuza kahawa ya tangawizi mlangoni pangu. Ilikuwa mchana, jua limesimama kichwani. Baba Sharon aliomba blanketi. Nilikuwa nageuza chapati, nikamwambia mtoto ampelekee baba yake blanketi, hata sikufikiri. Mama Achol aliweka birika chini.

"Ya Mama Sharon," akasema, "huyu mtu naomba blanketi? Hapa Kakuma? Saa hii?"

Nikaacha chapati ikaungua.

Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Tukampeleka hospitali pale pale Kakuma. Walifanya haraka, Mungu awabariki, wakamchoma sindano ya kwanza na kumwekea drip, lakini wakasema damu na dawa anazohitaji ziko Lodwar na aondoke sasa hivi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mama mjamzito. Nikakimbia stage, kituo cha magari, nikamshika Ekai.

Ekai ni kijana Mturkana mwenye Land Cruiser ya kubeba abiria. Alifundishwa udereva na mume wangu, alianza kama tanboi wake, yaani utingo, kwenye lori. Alifukuza abiria waliokuwa wamekaa, wengine wakamtukana, akaja.

Mama Achol alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Rabuna fi," akasema. Mungu yupo. Watoto wangu akawachukua yeye.

Ile barabara mnaijua au mmeisikia. Lami imeliwa yote, yamebaki mashimo. Nilimlaza kiti cha nyuma kichwa chake mapajani mwangu. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu nilikuwa najitisha mwenyewe.

Katikati ya njia tukakuta magari yamesimama.

Laga imejaa. Jua linawaka, mbingu buluu hata wingu moja hakuna, na laga imejaa ukingo kwa ukingo. Upande wa pili nawaona watu wamekaa na madumu yao. Lodwar iko huko. Hospitali iko huko.

Ekai alishuka, akatazama, akarudi. "Mama, maji iko mingi lakini hii gari iko juu. Naweza jaribu."

Nikasema, "Ingia."

Akaingia kwenye kiti, akawasha. Magari mengine yakampisha. Na hapo yule mtu ambaye tangu Kakuma hakuwa amesema neno akafungua macho.

"Ekai. Zima gari."

Ekai akazima. Hakuuliza. Kumbukeni alikuwa tanboi wake.

"Weka jiwe," akasema.

Wakuu, nilisikia damu inapanda kichwani. Ekai akaenda akaweka jiwe. Mimi nikashuka nikasimama karibu na jiwe hilo nikilitazama kama adui. Maji yakalifunika. Akaweka jingine, nalo likafunikwa. Nilirudi garini nikamgusa, alikuwa moto zaidi ya mara ya mwisho.

Nilimbembeleza. Nilimwambia daktari alisema saa hiyo hiyo. Nilimwambia Sharon anafanya mtihani mwaka ujao. Akawa ananitazama tu na midomo imekauka, anasema, "Tunangoja, Mama Sharon."

Kisha ikaja Land Cruiser nyingine kutoka nyuma yetu, nyeupe, kubwa, ile yenye bomba la kupumulia juu ya paa. Haikusimama. Nilikimbia nikipunga leso yangu nikipiga kelele mgonjwa, mgonjwa, lakini vioo vilikuwa juu na ilipita kama haijaniona. Ikaingia majini. Maji yakapanda mpaka boneti, nyuma yake ikasogea upande, watu wakashika vichwa. Kisha ikapata mchanga mgumu na kupanda ng'ambo. Watu wakapiga makofi.

Nilirudi garini kama simba jike. "Umeona? Umeona wamepita?"

"Nimeona," akasema. "Wamepita na bahati. Wameenda nayo."

Hapo ndipo nilipomwambia neno ambalo sitalirudia hapa lote. Kwa kifupi nilimwambia kama amechoka kuishi aseme, asinifanye nimtazame akifa kando ya barabara kama ng'ombe. Nililisema kwa sauti, watu wakasikia. Kisha nikatembea mpaka kwenye maji, nikakaa chini nikawapa wote mgongo.

Nilimwona Ekai kwa mbali ameinama dirishani, mume wangu anamwambia kitu. Sikujali. Nilidhani anaomba maji.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala jiwe lilipokauka. Tulivuka maji yakiwa chini ya nusu ya magurudumu, bila shida yoyote. Mpaka Lodwar sikusema naye. Nilikuwa nimemshika mkono, lakini sikusema.

Lodwar walimpokea mara moja. Drip, oksijeni, dawa kali. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, akanieleza kwamba damu haina askari kabisa na maambukizi yameshaenea. Nikamuuliza, tungefika mchana je?  Akasema, "Mama, mapema huwa ni bora. Lakini kwa hali yake siwezi kukuambia ingebadilisha."

Mimi nilisikia "mapema huwa ni bora". Hayo mengine masikio yangu yaliyakataa.

Hakumaliza wiki. Alikufa asubuhi, wauguzi wakiwa wanabadilishana zamu, nje mtu anauza mandazi. Neno la mwisho aliloniambia lilikuwa kuhusu betri ya lori.

Tulimzika kwao, upande wa Kitale. Tukanyolewa nywele kama desturi yetu. Watu walimsifu, dereva mwangalifu, hakuwahi kupindua gari. Kila aliposifiwa kwa uangalifu nilitaka kusimama nipige kelele. Wanawake wengine wanalia waume zao wameenda. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira. Kaburi likifunikwa nilikuwa bado nabishana naye kichwani. Gari lilivuka. Nililiona kwa macho yangu likivuka.

Nikarudi Kakuma nikafungua hoteli. Mama Achol alikuja kila asubuhi, "malesh, ya mama, malesh," pole mama, pole, akakaa nami bila kusema mengine. Ninamshukuru. Wengi walitaka kuniambia ni mpango wa Mungu, nikawapa chai ya baridi waondoke.

Ekai hakuja kula kwangu tena. Nilimwona akipita upande wa pili wa barabara. Nikasema vizuri, ana haya, alimsikiliza mgonjwa badala ya kunisikiliza mimi mwenye akili timamu.

Kile kikombe cha bati sikukitupa. Sikukitumia pia. Kilikaa juu ya kabati kikinitazama.

Sasa fikeni hapa nami.

Mwezi uliopita nilikuwa naenda Lodwar kununua unga na mafuta ya hoteli. Stage nilipanda gari lililokuwa karibu kujaa, nikapakia mitungi yangu, nikakaa. Dereva akaja akaingia. Ekai. Aliniona kwenye kioo. Nami nilimwona. Nilitaka kushuka, lakini mitungi ilikuwa imefungwa chini ya mizigo ya watu, na kiburi changu kina mpaka.

Tukaondoka. Na kama shetani anavyopanga mambo, laga ile ile ilikuwa imejaa.

Safari hii maji hayakuwa mengi kama siku ile. Abiria wakaanza. Jamaa mmoja mwenye begi la ofisi akasema, "Dere, hii ni maji ya kuosha miguu, twende." Mwingine akasema ana mkutano.  Ekai akazima gari, akashuka, akaokota jiwe, akaliweka pale maji yanapoishia.

Nilimfuata. Sijui nilikuwa nataka kumpiga au nini.

"Leo ndiyo unajua jiwe?" nikamwambia. "Siku ile ulikuwa tayari kuingia. Ungeingia tu. Ungeacha kumsikiliza."

"Mguu yangu ilikuwa kwa clutch, mama," akasema. "Ningeingia. Mzee ndiye alikataa."

"Najua alikataa! Alikuwa mwoga. Aliogopa maji kuliko kifo."

 Ekai akachuchumaa karibu na jiwe lake, akawa anaongea akiliangalia lile jiwe badala yangu.

"Siku ile ulikuwa umekaa hapo chini. Mzee akaniita kwa dirisha. Akaniuliza, 'Ekai, umebeba abiria wangapi?' Nikamwambia wawili. Akasema, 'Hesabu vizuri. Abiria ni mmoja. Mimi leo ni mzigo. Mzigo ikienda na maji, inalipwa, watu wanahuzunika, wanaendelea. Abiria hailipwi. Kuna watoto Kakuma wanangoja huyo abiria. Usiingie mpaka jiwe ikauke, hata kama nitakata roho hapa hapa.'"

Nikachuchumaa nami, nikaliangalia jiwe.

"Nikamwambia, mzee, wacha niambie mama. Akakataa. Alisema, 'Ukimwambia atabishana na mimi, na sina pumzi ya kubishana naye. Mwambie baadaye, hasira ikipoa.'" Ekai akafuta uso. "Mimi nimengoja. Lakini mama, hasira yako haipoi."

Wakuu, nilicheka. Haki ya Mungu nilicheka pale kando ya laga, kwa sababu ni kweli, ningebishana. Ningebishana mpaka maji yenyewe yakauke. Ningemwambia twende wote, tukifa tufe wote, na watoto ningewakumbuka tukiwa tayari majini. Alinijua vizuri sana yule mtu.

Kisha kicheko kikageuka, nikaanza kulia kilio ambacho sikukilia Lodwar wala makaburini. Nilikaa mchangani. Jamaa wa begi akaja kuuliza kama mama ni mgonjwa, Ekai akamwambia amwache.

Sisemi hasira imeisha. Nani alimpa ruhusa kuniamulia bila kuniuliza? Hilo bado ninalo moyoni, na siku nikimkuta huko aliko tutalimaliza. Na bado sijui kama tungevuka mchana ule angepona. Pengine. Pengine pia tungekuwa majini sote na watoto wangu wangekuwa wanalelewa kwenye birika la kahawa la Mama Achol. Daktari hajui, Ekai hajui, mimi sijui.

Baadaye abiria walipoona nimenyamaza wakaanza tena, dere twende, dere tumechelewa. Ekai akanitazama mimi.

Nikawaambia, "Tunangoja. Jiwe halijakauka."

Na nilivyo na sauti, hakuna aliyebisha.

Funzo langu ni hili, mchukue mnachotaka. Kikohozi kisichosikia dawa kitafutiwe jina lingine mapema, si kila kikohozi cha huku ni TB. Mgonjwa wako akiwa kwenye chemo, kaa karibu na hospitali hata kama baridi ya huko inamkera, na nunua kipimajoto, usiamini mkono wako kwenye nchi yenye joto. Akiomba blanketi mchana, kimbia.

Na aliyebaki akiwa na hasira, asiogope hasira yake. Wewe uliyemzika mtu wako mkiwa hamjamaliza ugomvi, andika hapa chini. Hoteli ikitulia mchana huwa nashika simu, nitakujibu, na sitakuambia upoe.

Kikombe cha bati nimekishusha kabatini. Asubuhi hii nimekinywea chai. Sharon aliniona, akashangaa, kisha akaleta chapati akakaa karibu nami.

Ejok noi sijafika bado. Lakini ejok tupu, hiyo leo naweza.